Mgonjwa wa Sebuleni

Kompyuta ilikuwa na siku ya thelathini na nne bila kuzimwa, na nyumba nzima ilishazoea kuizungumzia kama mgonjwa. Ilikuwa imelazwa juu ya meza ya chakula, imefunuliwa ubavu mmoja ipate hewa, imeelekezewa feni ya kusimama. Wenye nyumba walikula mkekani. Jokofu lilizimwa ili umeme usizidiwe, na pasi ilipigwa marufuku. Mgeni akiingia alivua viatu, akashusha sauti, akauliza, "Anaendeleaje?"

"Asilimia themanini na tisa," mama mwenye nyumba alijibu.

"Tunamwombea."

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na unyuzi mmoja wa kolajeni, ile protini inayoifanya ngozi iwe ngozi na kano ziwe kano. Unyuzi wenyewe haukuwepo. Zilikuwepo hesabu zake tu, atomi kwa atomi, na kompyuta ilikuwa inauvuta kidogo kidogo ili ijue utakatika kwa nguvu kiasi gani. Mashine kubwa ya chuo ingeimaliza kazi hiyo kwa siku mbili, lakini foleni yake ilikuwa ya miezi mitano, na waliotangulia kwenye foleni walikuwa watu wa hali ya hewa, ambao hesabu zao hazijapata kwisha. Ndiyo maana binti wa nyumba ile aliokoteza vipuri mwaka mzima, akaunda kompyuta yake mwenyewe, akaileta nyumbani kwa baba yake. Bado alikuwa hajamaliza tasnifu, lakini mtaani walishaanza kumwita Dokta.

Baba yake alikuwa fundi wa mikanda. Aliacha shule darasa la nne na tangu hapo hakuwahi kukosa kazi, jambo alilolitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alikaa barazani na kisu chake, gogo lake na ndoo yake ya kulowekea, akikata mikanda ya suruali, ya mabegi, na ya punda wa mikokoteni. Kila alipoingia ndani kunywa maji alisimama mbele ya mgonjwa akaitazama ile picha iliyokuwa ikijikunja kwenye kioo.

"Siku thelathini na nne kuvuta unyuzi mmoja," alisema. "Mimi nashika huku na huku, nakaza, nimemaliza."

"Wewe unataka kujua kama utakatika, Baba. Mimi nataka kujua kwa nini unakatika."

"Unakatika kwa sababu umevutwa."

"Haya, Baba."

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Kampuni moja ya nyuzi za hospitali, zile za kolajeni za kushonea kano zilizokatika, ilimwahidi binti kazi. Sharti lilikuwa moja: autetee utafiti wake Ijumaa ya mwisho wa mwezi, afaulu, aanze tarehe moja. Kwa ahadi hiyo mama yake alikuwa ameshapeleka barua ya kuacha kazi. Mama alifua mashuka ya chumba cha upasuaji, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mikono yake ilikuwa imepasuka kati ya vidole vyote, maana ngozi inayokaa majini saa kumi kwa siku haina ubishi, inafunguka tu. Usiku aliipaka mafuta na kuivalisha soksi. Alikuwa akihesabu siku zilizobaki, na hesabu yake ilikuwa fupi kuliko ya kompyuta.

Siku ya thelathini na nane unyuzi ulikatika. Binti alipiga simu kwa Profesa, msimamizi wake, akiwa amesimama mlangoni, na Fundi aliyekuwa barazani alisikia upande mmoja wa mazungumzo.

"Mara tatu, Profesa. Ndiyo, nimeangalia tena. Kolajeni ina nguvu mara tatu ya tulivyokuwa tukidhani."

Fundi aliweka kisu chini. Aliitazama ngozi iliyokuwa mapajani mwake, ngozi ya ng'ombe, ya kawaida, aina aliyoikata kwa miaka ishirini na nane. Kisha akapiga hesabu ambayo darasa la nne liliitosha. Kama ngozi ina nguvu mara tatu ya watu walivyodhani, basi yeye alikuwa akitupa theluthi mbili za kila ngozi aliyonunua tangu ujana wake. Hakumwambia mtu. Jambo la namna hiyo mtu hulisahihisha kimyakimya.

*

Mteja wa kwanza wa sayansi mpya alikuwa Madumu, muuza maji, mtu wa maneno mengi na punda mmoja. Alitaka mkanda mpya wa kifua, ule ambao punda huusukuma ili mkokoteni umfuate nyuma. Miaka yote Fundi alimkatia wa vidole vinne, akaukunja mara mbili na kuushona. Safari hii alimpa wa kidole kimoja na kitu, haukukunjwa.

Madumu aliuinua ukaning'inia. "Fundi, huu ni wa punda au wa saa?"

"Wa punda."

"Punda yupi? Wangu unamjua. Akikohoa tu anakata kamba."

"Uvute."

Madumu aliuvuta. Fundi naye akashika upande wa pili, wakavutana barazani kama watoto, na mkanda haukusikia lolote.

"Umeona? Ngozi ina nguvu mara tatu. Imethibitishwa humo ndani."

Madumu aliutazama mlango wa sebule kwa heshima. "Mgonjwa ndiye kasema?"

"Ndiye."

"Basi sawa. Mimi ni nani nibishane na mgonjwa."

Mkanda ulifanya kazi siku kumi na mbili. Ya kumi na tatu, Jumanne, Madumu alikuwa akipanda kilima cha zahanati na madumu kumi na sita. Kama kawaida yake vifuniko vitatu vilikuwa havifungi sawasawa, na punda alikuwa amelowa kifua tangu asubuhi. Katikati ya kilima mkanda ulinyooka, ukawa mwembamba kama utambi, ukaachia. Punda alisimama kidogo akitafakari uhuru wake, kisha akaenda nyumbani. Mkokoteni ulirudi kinyumenyume, ukapita kwa fundi saa bila kumgusa, ukaingia kwa kinyozi. Hakuumia mtu. Ila mteja aliyekuwa kitini alitoka na nusu ya masharubu, na kwa kuwa nusu haivaliki, akatoka tena baadaye bila masharubu kabisa.

Kesho yake asubuhi Madumu alifika barazani na vipande viwili mkononi.

"Maji yakimwagika hayazoleki, hilo najua," alisema. "Lakini mkanda huwa unashoneka. Nishonee, Fundi, tena unishonee ule wa zamani. Huu wa kisayansi mpe adui yako."

"Punguza sauti. Ijumaa mtoto ana mtihani."

"Napunguza. Lakini kinyozi hapunguzi. Anamwambia kila anayepita, Fundi Mikanda ameanza kubania ngozi. Anasema umri umefika mkononi."

Fundi alivichukua vile vipande, akavitia mfukoni. "Mwambie nilikata vibaya."

"Ulikata vibaya?"

"Mwambie hivyo."

Miaka ishirini na nane hakuna mkanda wake uliorudi. Mchana huo walipita vijana watatu wa kupakia mizigo, mmoja akamwuliza kama ana mikanda ya kushikia suruali au ya kuombea isidondoke. Fundi aliendelea kukata. Alipoona wameshapita aliitazama ndoo ya kulowekea, kisha akaitazama tena.

Alikata vipande viwili kutoka ngozi moja, upana mmoja, urefu mmoja. Kimoja alikiacha juani, kingine akakitia ndooni tangu saa sita mchana hadi alasiri. Kisha alifunga kila kimoja kwenye mhimili wa baraza na kukitundikia beseni, akawa anaongeza mawe. Kikavu kilibeba mawe yote aliyokuwa nayo, na gogo, na pasi ya mkaa. Kile kilicholowa kilifika jiwe la tano, kikarefuka mbele ya macho yake, kikakatika bila kelele.

Hakushangaa. Hilo ndilo lililomkera. Alilijua tangu akiwa mwanagenzi, maana bwana aliyemfundisha kazi alikuwa akimpiga nalo kichwani: ngozi kavu ni askari, ngozi iliyolowa ni shuka. Alilijua, na bado alimkatia muuza maji mkanda wa kidole kimoja. Mgonjwa alisema mara tatu, yeye akaiweka mikono yake pembeni kama kofia ya mtu mwingine.

Jioni alikaa mkekani karibu na mkewe, ambaye alikuwa akivaa soksi zake mikononi.

"Hivi mama watoto, mle chumba cha upasuaji, mtu akifunguliwa, ndani kunakuwaje?"

"Kunakuwaje vipi?"

"Kuna maji?"

Mama alimtazama. "Mume wangu, mimi ndiye ninayefua. Mwaka wa kumi na tisa. Hakuna kitu kikavu kilichowahi kutoka mle."

"Nilijua tu."

"Kwa nini unauliza?"

"Basi tu."

Mama alimalizia kuivuta soksi ya pili kwa meno. "Ukianza kuuliza basi tu, huwa nakosa usingizi," alisema, akalala palepale.

*

Alhamisi alasiri binti aliwakalisha. Alitaka kufanya mazoezi mbele ya jopo. Mama alikuwa mwenyekiti na alipewa saa ya mkononi. Fundi alikuwa mtahini wa nje. Madumu, aliyekuja kuulizia mkanda wake, aliambiwa akae awe mtahini wa ndani, akakubali kabla hajaelezwa ni nini.

"Mnasikiliza, nikimaliza mnauliza," binti alisema. "Msinihurumie."

Alizungumza dakika ishirini na tano. Alionyesha picha za unyuzi: kamba tatu zilizosokotwa kuwa moja, atomi zake zimepakwa rangi kama shanga. Alionyesha jinsi kompyuta ilivyoushika ncha moja na kuuvuta nyingine, na mstari uliokuwa ukipanda kwenye karatasi, ukapanda, ukapanda, kisha ukaanguka. Alisema uigaji wake wa kompyuta umeonyesha nguvu mara tatu ya makadirio ya awali, na kwamba uzi wa kushonea kano unaweza kufanywa mwembamba zaidi, ukaacha jeraha dogo zaidi. Fundi hakuelewa nusu, lakini aliona mwanawe anavyosimama, miguu imekaza, kama mtu aliyeshika mzigo wake mwenyewe.

"Maswali," alisema binti.

"Dakika zako zimebaki tano," alisema mwenyekiti.

Mtahini wa ndani aliinua mkono. "Huo uzi, ukiufunga kwa punda?"

"Si wa punda, mjomba. Ni wa watu."

"Nimeelewa. Sina lingine."

Binti alimgeukia baba yake. "Mtahini wa nje?"

Fundi alikuwa na swali, na alitaka kuliuliza kwa sababu mbili, na moja haikuwa nzuri. Ya kwanza, uzi ule utaingia kwenye miguu ya watu. Ya pili, alikuwa amechoka kusikia kwamba umri umefika mkononi. Alimtazama mwenyekiti, ambaye alikuwa ameishika saa kwa vidole viwili tu, kwa kuwa vingine vilikuwa vinamuuma. Wiki moja ilikuwa imebaki kabla mikono ile haijapumzika. Swali angeweza kuliuliza Jumamosi.

"Baba? Hata moja tu, nizoee."

"Humo ndani," alisema Fundi, "unyuzi wako ulikuwa mkavu au umelowa?"

Binti alitazama karatasi zake ingawa alizijua zote.

"Mkavu. Maji tuliyatoa."

"Yote?"

"Maji yanachelewesha hesabu. Unyuzi una atomi elfu chache. Ukiutia kwenye maji lazima uhesabu na kila tone linalouzunguka. Hiyo kompyuta ingechukua miezi. Profesa alisema hatua ya kwanza tufanye mkavu."

"Maji yanachelewesha kila kitu," alisema Madumu. "Mimi ningekuwa nauza unga ningekuwa mbali."

"Hatua ya pili je?" aliuliza Fundi.

"Hatua ya pili iko kwenye mapendekezo."

"Na huo uzi utakaa wapi?"

Fundi alitoa vile vipande mfukoni, akaviweka juu ya meza, karibu na mgonjwa. Havikuwa na haja ya utangulizi, lakini Madumu alivitolea. Alieleza kilima, vifuniko vitatu, kinyozi na masharubu. Binti aliokota kipande kimoja, akakipima kwa vidole vyake.

"Baba. Kwa nini umemkatia wa upana huu?"

"Ulisema mara tatu."

Binti alikigeuza kipande kile. "Ule ni unyuzi mmoja. Hauonekani kwa macho. Haukuwa na kovu, wala tundu la sindano, wala hitilafu yoyote. Hata kama hesabu ingekuwa sahihi kabisa, huwezi kuuchukua ukautia kwenye kifua cha punda. Nani kakwambia unaweza?"

"Hakuna."

"Umekata ngozi miaka ishirini na nane. Unajua. Ungewezaje kuniamini mimi kuliko mikono yako?"

"Wewe umesoma," alisema Fundi.

Feni ilikuwa bado inampulizia mgonjwa, ingawa mgonjwa alishamaliza kazi wiki mbili zilizopita. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtoa hospitali. Binti alikirudisha kipande mezani, akaenda uani na simu. Safari hii Fundi hakusikiliza, ila dirisha lilikuwa wazi.

"Najua kila mtu huanza na mkavu... Ndiyo, Profesa. Na likiulizwa?... Na lisipoulizwa?"

Kisha akawa anasikiliza tu, kama mtu anayepewa ushauri mzuri.

Mama aliirudisha saa mkononi mwa mumewe. "Ungeuliza Jumamosi," alisema.

"Jumamosi lisingekuwa swali. Lingekuwa lawama."

"Wewe umeuliza, mimi ndiye nitakayefua."



*

Utetezi ulikuwa wazi kwa umma. Umma ulikuwa Fundi na Madumu, waliokaa safu ya mwisho, Fundi kwa viatu vilivyong'arishwa hadi vikamtia aibu. Mama alikuwa zamu.

Mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Binti alizungumza dakika ishirini na tano barabara. Mtahini wa ndani aliuliza kuhusu mkato uliokosekana ukurasa wa kumi na mbili. Mtahini wa nje, bwana mmoja mwembamba aliyetoka mbali, aliuliza kwa nini ametumia rangi ya kijani, na aliridhika na jibu. Mwenyekiti akafunga faili. Profesa, aliyekaa pembeni kama kanuni zinavyotaka, alikuwa akitabasamu na dari.

"Una la kuongeza?" aliuliza mwenyekiti, kwa sauti ya mtu aliyeshika mlango.

Fundi alitazama viatu vyake. Alijikuta anaomba asiongeze. Alipomaliza kuomba hivyo akaona haya, lakini maombi hayarudishwi.

"Ninalo," alisema binti. "Ukurasa wa arobaini na moja, chini kabisa, nimeandika maneno manne: maji hayakutiwa kwenye hesabu. Nilitumaini yasionekane, na hayakuonekana. Uzi huu utakaa mwilini, na mwilini kumelowa. Kolajeni ikilowa hulainika, hurefuka, na nguvu hupungua. Kwa hiyo ile mara tatu ni ya unyuzi mkavu peke yake. Ya mwilini siijui. Na watu wenye kampuni wataisoma kama nilivyoiandika."

Kurasa zilifunguliwa. Profesa aliacha kutabasamu na dari ila aliendelea kuitazama.

"Jambo hili umelitambua lini?" aliuliza mtahini wa nje.

"Kulijua nililijua tangu mwanzo. Jana ndiyo nimeliona. Mkanda wa punda ulikatika."

Mtahini wa nje aliandika. Kalamu ikasimama. "Punda gani?"

Madumu alisimama safu ya nyuma, akavua kofia. "Wangu."

"Aliumia?"

"Hapana, mheshimiwa. Alikwenda nyumbani."

Hilo nalo likaandikwa.

Walitolewa nje nusu saa. Koridoni kulikuwa na benchi moja na watu watatu, na hakuna aliyekaa. Binti alisimama karibu na baba yake bila kumtazama.

"Ulitaka ninyamaze," alisema. "Nilikuona unavyotazama viatu."

"Nilitaka," alisema Fundi. "Nisikufiche."

"Na mimi nilitaka."

Waliitwa ndani. Hakufeli. Alipewa marekebisho makubwa, miezi sita, arudie hesabu yote unyuzi ukiwa majini. Mtahini wa nje alimshika mkono na kumwambia ni utetezi wa kwanza kwake kuhudhuria ambao mtahiniwa alijitahini mwenyewe, na kwamba angependa kuusoma akimaliza. Posho yake ya masomo ilikuwa inaisha mwezi ule ule. Jioni alipiga simu kwenye kampuni, akaeleza. Walimsikiliza vizuri sana, wakasema watalifikiria, na mtu yeyote aliyewahi kufikiriwa anajua maana yake.

*

Jumatatu Mama alikwenda kwa msimamizi wa udobi kuiomba barua yake. Alikuwa amejiandaa na maneno, hata ameyapanga: kwamba mambo yamesogea, kwamba ni miezi sita tu. Maneno hayakuhitajika. Msimamizi alivuta droo, akaitoa barua, ikiwa bado ndani ya bahasha.

"Sikuipeleka mbele," alisema. "Nafasi yako haijaombwa na mtu."

Mama alishukuru, maana hiyo ndiyo adabu.

Siku hiyo hiyo binti aliuweka unyuzi majini. Atomi za maji zilikuwa nyingi kuliko za unyuzi mara kumi na tano, na kwenye kioo kamba zile tatu hazikuonekana tena vizuri, zilikuwa kama kitu kilichodondoka kisimani. Kompyuta ilifikiri, kisha ikataja muda: siku mia moja na sabini. Zingebaki siku kumi na tatu za kuandika. Jokofu, lililokuwa limewashwa wiki mbili tu, likazimwa tena. Pasi ikarudishwa juu ya kabati.

Fundi alikata mkanda wa vidole vinne, akaukunja mara mbili, akaushona, akauloweka siku nzima kisha akautundikia mawe yote, gogo, na mwisho akajining'iniza mwenyewe. Kinyozi alipita akamkuta anabembea mhimilini. Hakusema neno, na Fundi aliujua ukimya ule: mtaani ungekuwa hadithi kabla ya magharibi. Hakushuka.

Madumu alipokuja kuuchukua, siku ya nne, aliuvuta, akaunusa, akaridhika. Akavua viatu mlangoni, akachungulia sebuleni, akashusha sauti.

"Anaendeleaje?"

"Asilimia mbili," alisema binti kutoka mkekani.

"Ameshakunywa maji?"

"Amekunywa."

"Sasa hapo kuna matumaini," alisema Madumu, akaenda kumfunga punda wake.

Mama alirudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni. Hakuvua hata kitenge alichojitanda. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza, akasimama kati ya feni na kompyuta, akainyoosha mikono yake mbele ya upepo na kuvipanua vidole, kimoja kimoja, mahali palipopasuka. Akafumba macho. Upepo wote ulikuwa wake. Nyuma ya mgongo wake kompyuta ilianza kupiga mluzi mwembamba, na kwenye pembe ya kioo namba ya joto ikapanda: sabini na moja, sabini na nne, sabini na nane.

Binti aliitazama namba ile. Fundi, mlangoni na kisu mkononi, akamtazama binti.

Themanini na mbili. Binti alijisogeza kidogo mkekani ili asikione kioo, akasubiri mikono ya mama yake ikauke.